Mgeni, Kioo na Shoka

Nchi za kaskazini mwa Ulaya zimeingiwa na mtindo wa kujenga nyumba ndogo za wageni ambazo kuta zake, na pengine hata mapaa yake, ni kioo. Huko Lapland, katika nchi ya Ufini, mgeni hulala kitandani akitazama mianga ya kaskazini ikicheza mbinguni, ilhali nje baridi yaweza kushuka hadi digrii 30 chini ya sifuri. Norwe nako vijumba vya namna hiyo vimeonekana. Matangazo huviita rafiki wa maumbile. Jina hilo ni zuri, lakini jina si tendo. Nyumba katika nchi ya baridi hupimwa kwa kiasi cha joto inachokihitaji na kwa namna inavyolitunza. Na kwa kipimo hicho nyumba ya kioo haina haki ya kujiita rafiki wa mtu.

Hesabu yake si ngumu. Kioo cha tabaka tatu, kilicho bora, hupitisha joto mara nne au tano zaidi ya ukuta mnene uliojazwa vizuri vitu vya kuzuia joto lisitoroke. Hilo ni kosa la kwanza. Kosa la pili ni la umbo, nalo hufichwa na sifa ya udogo. Wengi hudhani kuwa udogo peke yake ni uwekevu. Chumba chenye umbo la dadu, cha meta 3 kila upande, kina meta za mraba 54 za kuta, paa na sakafu. Vyumba 8 vya namna hiyo vikitawanywa msituni vina meta za mraba 432. Vikiunganishwa viwe jengo moja la meta 6 kila upande, nafasi ya ndani hubaki ile ile, lakini ngozi inayopigwa na baridi ni meta za mraba 216 tu, yaani nusu kamili. Basi mjenzi atawanyaye vijumba, kila kimoja kikitetemeka peke yake, amekwisha chagua hasara maradufu kabla hajaleta kioo chake.

Wazee wa Aislandi hawakuwa na hesabu hii vitabuni, lakini walikuwa nayo mikononi. Miti ya kujengea ilikuwa adimu kwao, na udongo uliofumwa kwa mizizi ya nyasi ulikuwa tele. Wakaukata mabonge, wakainua kuta nene, wakaezeka paa kwa nyasi zilizo hai. Huko Glaumbær, ambako watu walikaa hata mwaka 1947 na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1952, vyumba vimeshikana bega kwa bega na kuunganishwa kwa ujia mmoja mrefu. Katika chumba kiitwacho baðstofa watu walilala, walikula na kufanya kazi za mikono pamoja, wakipashana joto kwa miili yao. Mtu wa pwani ajuaye kuwa upana wa chumba cha nyumba ya mawe uliamriwa na urefu wa boriti hatastaajabu: kote kuwili nchi ndiyo iliyotoa kipimo, na mjenzi akakitii. Haisemwi kwamba mgeni wa leo arudishwe katika giza na unyevu wa nyumba zile. Linalotakiwa ni utii ule.

Watetezi wa kioo wana hoja moja yenye nguvu. Husema: karibu umeme wote wa Norwe hutoka katika maji, wala hautoi moshi, basi joto likipotea, nani amedhurika? Hoja hii husahau kuuliza mto ni wa nani, na upepo huvuma juu ya malisho ya nani. Mto Alta ulipotakiwa kuzuiwa kwa bwawa, Wasami walipiga hema mbele ya Bunge mjini Oslo mwaka 1979 na kugoma kula; hata hivyo kituo cha umeme kilikamilika mwaka 1987. Kwa habari ya Fosen, Mahakama ya Juu ya Norwe iliamua tarehe 11 Oktoba 2021 kwamba vibali vya mitambo ya upepo vilivunja haki ya wafugaji wa Kisami ya kuishi kwa utamaduni wao. Wakati huo mitambo ilikuwa imekwisha simamishwa katika malisho ya reinda, nayo iliendelea kuzunguka baada ya hukumu. Umeme usio na moshi si umeme usio na gharama. Joto livujalo katika paa la kioo limetolewa katika mto au mlima ambao watu waliutegemea.

Haki itendwe hata kwa kioo. Huko Valldal, magharibi mwa Norwe, wasanifu Jensen & Skodvin walijenga vyumba vya wageni vya Juvet vyenye vioo vikubwa, juu ya vyuma vyembamba vilivyochomekwa mwambani, ili mwamba na miti ibaki karibu kama ilivyokuwa. Kuta za mbao zilikuwa na unene wa milimita 50 tu, kwa kuwa vyumba vilikusudiwa majira ya joto peke yake. Hapo kioo kiliwekewa mpaka. Lawama ni juu ya kioo kisichokubali kuwa kuna majira.

Kielelezo bora zaidi hakina fahari. Chama kiitwacho Den Norske Turistforening, kilichoanzishwa mwaka 1868, kina nyumba nyingi milimani zisizo na mtumishi. Mgeni huwasha jiko mwenyewe, hupasua kuni, huchota maji au huyeyusha theluji, huosha vyombo, hufagia, hulipa kwa uaminifu, na kumwachia ajaye kuni zilizo tayari. Wahenga wa Kiswahili walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanorwe hawakungoja siku ya tatu. Humpa shoka usiku wa kwanza. Naye aliyepasua kuni zake hahitaji kuhubiriwa juu ya mlango uliosahauliwa wazi, maana joto analijua kwa uzito wake.

Huko ndiko kuheshimu nchi kunakoanzia. Nyumba isiyomtaka mgeni kitu ila fedha imewatoza wengine yaliyobaki, na hao hawakualikwa kulala humo.