TUSI LA "MWANAMKE" LAMFAA NANI?

Ndugu wafanyakazi, wanaume kwa wanawake,

Liko tusi moja ambalo limezoeleka sana makazini hata hatulihesabu tena kuwa ni tusi. Mtu akishindwa na mzigo huambiwa, "Mwanamke wewe!" Akiomba glavu huulizwa kama anaogopa kuharibu kucha zake. Akisimama mkutanoni na kusema tungoje kwanza, sauti hutoka nyuma: "Nenda kavae leso!" Watu hucheka, aliyetukanwa hunyamaza, na mambo huendelea.

Mimi nasema tusi hili si mzaha. Linatuumiza sisi wenyewe, na anayepata faida kwalo ni mwajiri peke yake. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza, habari ya mizigo. Kila mchukuzi wa nchi hii analijua gunia la mahindi la kilo 90. Mwaka wa 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa, ambalo ni baraza la serikali, waajiri na wafanyakazi pamoja, lilishauri kwamba mahali ambapo mwanamume mzima anaruhusiwa kubeba peke yake zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kuupunguza uzito huo. Tazameni vizuri. Kilo 55 hizo zilitajwa kwa ajili ya mwanamume mzima. Kwa wanawake na vijana walishauri uzito mdogo zaidi. Basi mtu anayesema, "Gunia hili tulishike wawili," hajawa mwanamke. Amesema jambo ambalo hata waajiri wa dunia walilizungumza mezani.

Lakini nani humzuia? Si nyapara. Nyapara husimama kando, mikono mfukoni, kwa sababu kazi yake anafanyiwa bure. Sisi wenyewe ndio tunaomcheka mwenzetu mpaka aone haya, ainame, alibebe gunia peke yake. Mwajiri amepata kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mtu mmoja. Na siku mgongo utakapokatika, wale waliocheka hawatamlipia watoto wake karo.

Ni hivyo hivyo kwa vumbi la saruji, kwa dawa zinazonyunyizwa mashambani, na kwa mashine zinazokata vidole. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi wa kazi za hatari mavazi ya kuwakinga. Chama kinapigana ili vitu hivyo vipatikane. Halafu vikipatikana, kijana mpya huvua barakoa yake ili wakubwa wasimwite jike! Mwingine hujikata, akafunga kidonda kwa kitambaa, asiende kuandikisha. Jeraha lisiloandikwa ni taabu kubwa kulidai fidia. Tusi limeokoa fedha za kampuni, na damu ni yetu.

Pili, habari ya migomo. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka wa 2007 yasema mgomo hulindwa ikiwa tu mabishano yamepitia usuluhishi yakashindikana, na notisi ya siku saba imetolewa kwa maandishi. Tukitoka kabla ya hayo, mwajiri anaweza kutuadhibu, wala hatuna haki ya mshahara wa siku hizo. Twaweza kuichukia sheria hii, twaweza kudai ibadilishwe. Lakini ndiyo iliyopo, na mwakilishi mwema anayeijua ni wajibu wake kusema, "Ndugu, tutoe notisi kwanza."

Sasa mtu huyo akizomewa na kuambiwa avae leso, mkutano umefikia wapi? Hakuna aliyemjibu kwa hoja. Hakuna aliyeuliza kama notisi imepelekwa, wala kama mfuko wa tawi una fedha za kutosha. Limetupwa neno moja, na baada ya neno hilo kila mwanamume aliyemo ndani anaogopa kusimama upande wa busara. Hivyo watu mia hutoka nje kwa kuogopa kuitwa wanawake. Je, huo ndio ushujaa? Kuogopa kicheko cha jirani ni woga kama woga mwingine. Na ikiwa mwajiri anataka kututoa kazini bila gharama, hana haja ya kupeleka wapelelezi. Amtume mtu mmoja tu mwenye sauti kubwa, apige kelele hiyo.

Tatu, nyumbani. Katika Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 mama aliyejifungua ana miezi mitatu ya likizo, na baba ana wiki mbili, kwa mshahara kamili. Hiyo ni haki, imeandikwa. Lakini baba akiiomba, wenzake humwuliza kama yeye ndiye aliyezaa, na kama atanyonyesha. Basi husema, "Sitaki maneno," akarudi kazini siku ya pili. Amemwacha mkewe peke yake na mtoto mchanga, na wiki mbili alizokuwa alipwe akikaa kwake amempa mwajiri. Haki isiyotumiwa kwa haya ni rahisi kuondolewa kesho. Mwajiri atasema mezani, "Watu wenu wenyewe hawaitaki."

Nne, na hili ndilo kubwa. Wako wanawake katika chama hiki. Katika mashamba ya maua ya Naivasha na ya chai kule Kericho, viwandani, hospitalini na mashuleni, wao ni wengi sana. Wanalipa ada kama sisi. Hukaa katika mikutano ile ile na kusikia jina lao likitupwa kama taka. Mnataka wafikiri nini? Mkisema "mwanamke" mkiwa na maana ya mtu dhaifu, mwoga na asiye na akili, mmekwisha kumwambia mwajiri kazi ya mwanamke ina thamani gani. Zamani za ukoloni, katika mashamba ya walowezi, wanawake na watoto walilipwa pungufu, na sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo. Leo sheria yadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tutaidaije mezani asubuhi, na jioni kuitukana mkutanoni? Tena kumbukeni kwamba palipo na mtu wa bei rahisi, mwajiri humtumia kuteremsha bei ya wote. Mwanamke akilipwa kidogo, mwanamume naye ataambiwa, "Ukikataa, yuko atakayekubali."

Wako watakaonijibu kwa historia. Watasema, "Hata Muthoni Nyanjiru aliwatukana wanaume kwa nguo ya kike." Vyema, tuizungumze habari hiyo, kwa kuwa ni habari ya wafanyakazi.

Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi. Watu wakaacha kazi, wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi. Tarehe 16 wajumbe walirudi kutoka kwa wakubwa na kuwaambia watu waende makwao. Wengine wakaanza kuondoka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza, akainua nguo yake, akawaambia wanaume wachukue gauni lake, wampe yeye suruali zao. Watu wakasonga mbele, yeye akiwa pamoja nao, kuelekea kwenye bunduki. Risasi zikapigwa. Serikali ilikubali waliokufa ni 21, na wengine walisema ni wengi zaidi ya hapo. Yeye alikuwa mmoja wao.

Haya, nani alikuwa mwoga siku ile? Aliyevaa gauni ndiye aliyekwenda mbele. Nyanjiru alilichukua tusi la wanaume, akalirudisha kwao wenyewe, akaonyesha kwa mwili wake kwamba ni uongo. Anayelitumia leo kumkejeli mwenzake kwa jina la Nyanjiru hajamfuata Nyanjiru. Amemwua mara ya pili.

Wala si yeye peke yake. Mwaka wa 1992 akina mama wa wafungwa wa siasa waliketi Uhuru Park bila kula, wakidai watoto wao. Polisi waliwapiga. Wakahamia kanisa la All Saints, wakaendelea kukaa. Mwaka wa 1993 wengi wa wafungwa wale walikuwa wameachiliwa. Siku zile wanaume wangapi wa nchi hii walithubutu kusema hadharani neno moja mbele ya serikali? Kama kuwa "mwanamke" ni kuketi mbele ya virungu bila kukimbia, basi chama chetu kina haja na wanawake wengi zaidi, hata wale wenye ndevu.

Kwa hiyo nasema hivi. Wenyeviti wa matawi wasiliache tusi hili lipite mkutanoni. Anayelitupa asimamishwe na kuombwa atoe hoja yake, na kama hana, aketi. Wawakilishi wa wafanyakazi wawafundishe wageni kwamba kuvaa glavu, kushika mzigo wawili wawili, na kuandikisha jeraha ni utaratibu wa chama. Baba aliyepata mtoto asindikizwe na mwakilishi kwenda kwa karani kuandika likizo yake. Na mwenzetu akiwa mwoga kweli, aitwe mwoga. Akiwa msaliti, aitwe msaliti. Kiswahili hakijatupungukia maneno. Tusiwatukane mama zetu ili kumkemea mtu mmoja.

Ulimi hauna mfupa, lakini huweza kuvunja umoja uliojengwa kwa miaka mingi. Nyapara akisikia tunaitana wanawake, hucheka pamoja nasi. Jiulizeni anachekea nini.

Umoja ni nguvu, wa wanaume na wanawake pia.

Wenu katika umoja,
MWANACHAMA