Transfoma inanguruma: tusikie, tusizoee

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumbani, na ninyi vijana wa Mapendo,

Usiku, pikipiki zikipungua barabarani, kuna sauti moja ambayo hailali: ni ile «mmmm» ya transfoma. Wengine husema umeme unachemka ndani yake. Wengine husema umeme unavuja. Yote mawili si kweli. Lakini tusiishie kucheka, kwani asiyejua sauti ya kawaida hatajua siku itakapobadilika.

Sauti hiyo inatoka wapi? Ndani ya transfoma mna kiini cha chuma, kilichopangwa kwa mabati membamba mengi yaliyobanwa pamoja. Kukizunguka mna nyaya. Umeme ukipita katika nyaya, chuma kinageuka sumaku. Na chuma kikishikwa na sumaku hubadilika urefu kidogo sana, chini ya unene wa unywele, kisha hurudi kama kilivyokuwa. Umeme wetu wa Kongo hugeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde moja, na katika kila mzunguko sumaku hupata nguvu mara mbili. Basi chuma kinatikisika mara 100 kwa sekunde. Mtikisiko huo hupita katika mafuta na katika sanduku la chuma, ukafika masikioni mwetu. Hiyo ndiyo ngurumo.

Usiku inasikika zaidi kwa sababu mtaa umetulia. Tena, watu wengi wakizima vyombo vyao, nguvu ya umeme katika nyaya huweza kupanda kidogo, na chuma kikatikisika zaidi.

Kwa hiyo ngurumo ya sawasawa, isiyopanda wala kushuka, ni sauti ya kazi. Haina ubaya. Lakini ukisikia mlio wa kupasuka-pasuka kama mafuta kwenye kikaango, au chuma kinagongana, au mlipuko mdogo, au ukiona cheche, moshi, mafuta yanatiririka, hapo kuna hitilafu. Dalili ya mvua ni mawingu. Ondoa watoto, waambie majirani, mpelekee habari fundi wa kampuni ya umeme. Usipande wewe. Usimwage maji.

Sasa nisema neno ambalo huenda halitawapendeza wote. Kazini tunaheshimu kabini ya umeme. Tukiona alama ya fuvu tunasimama. Hakuna anayeingia bila ruhusa ya shefu. Tukivuka lango kurudi nyumbani, nidhamu ile tunaiacha pale pamoja na kofia na buti. Mtaani tunaanika nguo kwenye uzio wa kabini, tunapanga meza ya ndizi chini ya nyaya, watoto wanafuata mpira ndani. Je, umeme wa mgodini unaua na ule wa mtaani una huruma? Katika transfoma ya mtaa huingia maelfu ya volti, ndiyo hutoka volti 220 za nyumbani.

Tukumbuke Kinshasa, tarehe 2 Februari 2022. Kwenye soko la Matadi-Kibala, waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaanguka penye maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kutafuta chakula cha watoto wao. Hawakugusa kitu. Umeme uliwafuata katika maji.

Hapa Goma tuna jambo letu. Tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, na volkano ya mwaka 2002 iliongeza mengine katikati ya mji. Jiwe kavu la volkano halipitishi umeme vizuri, hivyo kuweka waya wa ardhi unaofaa ni kazi ngumu. Umeme ukitoroka, hauzami ardhini kwa urahisi. Waya ukianguka, kaa mbali angalau mita 10. Ikiwa uko karibu tayari, usipige hatua ndefu: unganisha miguu, sogea kidogo-kidogo bila kuiachanisha. Aliyeshikwa na umeme mkubwa usimwendee kabla mafundi hawajaukata, hata akiwa mtoto wako. Neno hili ni chungu, lakini tusizike wawili badala ya mmoja.

Na kimya nacho kinadanganya. Umeme ukikatika, transfoma inanyamaza, na mwerevu wa mtaa anapanda kujiunganishia waya. Umeme haupigi hodi ukirudi. Transfoma iliyonyamaza ihesabiwe daima kuwa ina moto.

Wakubwa wa umeme nao wana wajibu: kila kabini iwe na uzio mzima, kufuli, alama inayosomeka, na namba ya simu ya kuita. Tuwadai hayo bila kuchoka. Lakini meza ya ndizi tunaweza kuihamisha sisi wenyewe, leo hii, bila kungoja barua ya mtu.

Baba, jioni hii wapeleke watoto wako mbali kidogo na kabini ya mtaa, muisikilize pamoja. Waambie: hii ndiyo sauti yake ya kila siku, ikibadilika, kimbieni mkaniite.

Usalama kazini, usalama nyumbani!