Biltini ya mushahara isikule mega zetu

Ndugu wafanyakazi, tangu kompani ilitosha karatasi ya biltini na kuiweka mu simu, tunalipa mega zetu wenyewe juu ya kuona mushahara wetu. Unatoka posti ya usiku, unafungua, kaduara kanazunguka, kanazunguka, kisha inakatika. Unaanza tena. Mega zimeisha, biltini haujaiona.

Wanatuambia ni rezo ya Kolwezi. Rezo iko na makosa yake, hatukatai. Lakini simu ile ile, pahali pale pale, inafungua WhatsApp bila shida.

Tuliuliza kijana wa kwetu anayetumika kazi ya ordinateri. Alitufasiria hivi: ukifungua ukurasa ule, seva inatengeneza kiungo kwa kila biltini, tangu mwezi uliingia kazi. Mwenye miaka 15 iko na biltini 180. Na kwa kila kiungo, seva inarudia kuuliza: huyu ni nani, iko na ruhusa? Mara 180 ulizo moja, jibu moja. Siku ya mushahara tunafungua wote pamoja, kwa hiyo seva inalemewa.

Mu minje, nani anaenda depo mara 180 kutafuta bulo 180, moja moja? Unaenda mara moja, unaleta sanduku nzima.

Dawa ni ile ile. Seva iulize mara moja kwa biltini zote. Sehemu ya kiungo isiyobadilika itengenezwe mara moja, kubadilika kubaki mwezi na mwaka tu. Ukurasa uonyeshe miezi 12 ya mwisho. Za zamani zije kama mutu anaziomba. Hii haiombi mashini mpya. Inaomba mutu akae chini arekebishe kazi yake.

Wengine watasema sindika inajiingiza mu mambo haiyahusu. Hapana. Code du travail ya 2002 inalazimisha mwajiri kutupa hesabu ya mushahara kwa maandishi. Biltini isiyofunguka ni sawa na biltini haikutolewa. Utajuaje kama masaa yako ya ziada yamehesabiwa?

Tunaomba mambo mawili: ukurasa urekebishwe, na mpaka siku ile karatasi irudi ku gishe. Na wewe, kila mara inakatala, andika siku na saa, upe delege wako. Tukiingia mu mukutano na daftari ile mu mukono, hawatatuambia tena ni rezo.