Dakika Thelathini Zinatosha, Usiku Kucha Ni Biashara

Leo hatuandiki kuhusu makaratasi wala foleni ya mgao. Leo ni nywele. Tunajua kuna watakaocheka. Wacheke tu, ila wakimaliza wasome mpaka mwisho, maana pesa inayopotea hapa ni yao pia.

Tutoe jibu kwanza ili mwenye bando kidogo asikose. Kondishena ya kawaida, ile ya kupaka baada ya shampuu, inakaa kichwani dakika 3 mpaka 5. Ile nzito ya stimingi inakaa dakika 10 mpaka 30, kufuata maandishi ya kopo lake. Ukifika hapo, osha. Hakuna masaa matatu. Hakuna "lala nayo". Basi.

Sasa tugombane.

Huku kwetu, kuanzia Buhehe mpaka Busia mjini na mpaka kule Malaba, ushauri unaozunguka ni mwingine kabisa. Unaingia saluni, unapakwa, unafungwa kavera kichwani, halafu unaambiwa: "Dada, nenda nayo nyumbani, utaosha kesho, ndiyo iingie mpaka kwenye mizizi." Na kwenye WhatsApp ni ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti: acha masaa manne, acha mpaka asubuhi, acha siku mbili kama nywele zako ni kavu sana. Kila anayetuma anaongeza saa moja ya kwake. Hakuna hata mmoja anayekuambia kwa nini.

Kwa nini sisi tunaijua. Mtu anayeamini kwamba nyingi na ndefu ndiyo dawa, anapaka nyingi. Kopo la mwezi mzima linaisha kwa wiki mbili. Anarudi dukani. Na stimingi "ya usiku" inatozwa zaidi ya ile ya nusu saa, ingawa msusi hakufanya kazi ya ziada hata kidogo. Kazi yote umeifanya wewe, ukiwa umelala.

Hebu tuangalie kinachotokea kichwani. Unywele ukishatoka kwenye ngozi ni kitu kisicho na uhai. Hauna damu, hauna neva, ndiyo maana tunaukata bila kulia. Sehemu inayoishi iko chini, ndani ya ngozi. Kwa hiyo kitu ulichopaka juu ya unywele hakiulishi ukakua, hata ukikaa nacho mpaka sikukuu. Nywele za kichwani huongezeka kama sentimita 1 hivi kwa mwezi, pamoja na kondishena au bila kondishena. Kazi ya kondishena ni kuzuia zile zilizokwisha kuota zisikatike. Hiyo ni kazi kubwa na tunaiheshimu, lakini ni hiyo tu.

Inaifanyaje? Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama mabati ya paa. Ukichana kwa nguvu, ukitia dawa, ukipiga drayeri ya moto kila wiki, magamba yanainuka na mengine yanavunjika. Pale palipoharibika panakuwa na chaji hasi. Kondishena ina chembe zenye chaji chanya, na vitu hivyo viwili vinavutana. Chembe zinashika pale palipoharibika, unywele unateleza, kitana kinapita. Kunakuwa na mafuta mazito pia yanayobaki juu kama koti jembamba.

Kushikana huko hakuhitaji usiku kucha. Fikirieni taksi yetu ya abiria 14 pale stendi. Siti zikijaa, zimejaa. Dereva akikaa stendi mpaka asubuhi siti haziongezeki, watu wanachoka tu. Na nywele ni hivyo hivyo: nafasi zikishachukuliwa, kondishena iliyobaki inangoja maji ya kuisafisha iende kwenye karo.

Joto linasaidia? Kidogo, ndiyo. Kofia ya plastiki au taulo iliyochovywa kwenye maji ya moto ikakamuliwa vizuri inaweka uvuguvugu, na ile kondishena inatandazika vizuri. Lakini joto ni sababu ya kupunguza dakika, halijawahi kuwa sababu ya kuongeza masaa. Na umeme ukikatika katikati ya stimingi, hamna haja ya kumweka mteja hapo mpaka urudi. Mwosheni. Tayari.

Tena usiku kucha una gharama zake. Unywele unakunywa maji, unaweza kubeba kama asilimia 30 ya uzito wake, na unapolowa unavimba na kuwa dhaifu. Ulioloa unavutika na kukatika kwa urahisi kuliko mkavu. Sasa wewe unalala nao umeloa masaa manane, unageuka huku na huku juu ya mto, kavera inasugua, asubuhi unaokota vipande na kusema "dawa imetoa nywele mbaya". Hapana mama, ni usiku ndio umezikata. Na ngozi ya kichwa iliyofunikwa unyevu na krimu usiku mzima inaanza kuwasha. Unajikuna. Unarudi saluni. Unauziwa kopo lingine la kuzuia kuwashwa.

Halafu maji. Sisi tunaojua kuishi kwa kuhesabu maji tunajua jerikani ya lita 20 ina maana gani. Kiwango cha chini kinachotajwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga, vyote humo. Kondishena iliyokaukia kichwani usiku kucha inadai maji mengi kuliko ile ya dakika 20. Nani anaenda kuyachota? Mara nyingi ni yule mdogo wako ambaye nywele zake zimenyolewa.

Ndiyo, tumeifikia hiyo. Wasichana wetu wengi wanaosoma upande huu wa Uganda wananyolewa ili wakae darasani. Hatuanzishi vita hiyo leo. Tunachosema ni hiki: msichana aliyenyolewa miaka yote ya shule, siku anapomaliza ana haraka. Anataka nywele ndefu kabla ya Krismasi. Anakutana na mtu mwenye kopo anayemwambia "lala nayo, mwezi mmoja zitafika mabegani". Kwa sentimita 1 kwa mwezi, mabega yako mbali, yanahitaji miaka. Anayemwambia vingine anakula haraka yake.

Na kuna jambo linatuuma zaidi kuliko hela. Huu mdomo wa "acha kidogo tena" haubaki kwenye kondishena. Unahamia kwenye dawa ya kunyoosha. Hapo si mchezo. Zile dawa kali zina sodiamu haidroksaidi, kemikali iliyo pia kwenye dawa za kuzibua mabomba ya maji machafu. Zinavunja viungo vya ndani ya unywele, ndiyo maana unanyooka na haurudi. Zikizidi dakika zilizoandikwa, zinachoma ngozi mpaka inatoka vidonda, na nywele zinakatika zikiwa mkononi mwa msusi. Msusi mwanafunzi aliyefundishwa kwamba muda mrefu ndio ubora, anamwambia mteja anayelia: "Vumilia, inafanya kazi." Haifanyi kazi, inaunguza! Tena mwezi Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walikuwa na hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya maradufu ya wale wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, hausemi kwamba kila aliyetumia ataugua. Lakini unatosha kumfanya mtu mwenye akili aangalie saa.

Tunajua majibu yenu, tumeyasikia.

Wa kwanza anasema: "Bibi zetu walipaka mafuta wakalala, mbona nywele zao zilikuwa nzuri?" Ni kweli, bibi, shikamoo. Lakini mafuta si kondishena. Mafuta ya nazi yanaweza kuingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha hivyo, na mafuta ya alizeti yaliyopimwa pamoja nayo hayakufanya hivyo. Kwa hiyo ukipaka mafuta kidogo ya nazi jioni kabla ya siku ya kuosha, una hoja. Mafuta ya shea ya wenzetu wa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, hayo hukaa zaidi juu na kuzuia unyevu usitoroke, nayo yana kazi yake. Bibi alijua alichopaka. Sisi tunapaka krimu ya dukani na kutumia ratiba ya bibi.

Wa pili anasema: "Basi tutatumia mayai na ovakado, vya asili, hivyo havina mwisho wa dakika." Ndugu zetu, protini ya yai ni kubwa mno, haipenyi kwenye unywele. Inabaki juu, inanuka, na ukiiosha kwa maji ya moto inaganda kama kimanda. Yai liko mkononi, mtoto yuko mlangoni hajala, wewe unalipasulia kichwani? Kula yai. Mpe mtoto ovakado. Mwili ulioshiba ndio unaotengeneza nywele, kule chini ya ngozi zinakoanzia.

Wa tatu ndiye tunayemheshimu zaidi, kwa hiyo tutamjibu polepole. Anasema: "Nyinyi ni wakimbizi, mna mambo makubwa ya kuandika. Haki, kazi, shule. Nywele za nini?"

Tunamwambia: hii ndiyo kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi, lakini sheria haikupi mtaji. Wengi wetu tulifika na nini? Wenzetu wa Kenya waliovuka hapa Busia na Malaba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakapokelewa Mulanda kule Tororo, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo, hawakuja na mashine. Waliotoka Kongo na Burundi nao vivyo hivyo. Lakini mikono ilivuka. Kusuka hakuhitaji cheti cha nchi uliyoikimbia. Kitana, sindano, uzi, kiti cha plastiki chini ya mwembe, umeanza. Dada zetu wangapi wanalipa kodi ya nyumba kwa mikono hiyo?

Na mtu asiye na ukoo hapa, asiye na shamba hapa, ana kitu kimoja tu cha kuweka rehani: jina lake. Mteja Msamia akiunguzwa na msusi wa kwao, atasema "fulani hajui kazi". Akiunguzwa na sisi, atasema "hao wakimbizi". Kosa la mmoja tunalilipa wote. Ndiyo maana hatutanyamaza mwenzetu anapouza usiku kucha.

Kuna tabia moja inayofanya uongo huu uishi: kondishena ya kupima. Hatuwalaumu wanunuzi, kopo zima ni ghali, ukipimiwa vijiko viwili kwenye kavera unasogeza siku. Lakini kavera haina maandishi. Haina jina, haina dakika, haina tarehe ya kuharibika. Umebaki na mdomo wa muuzaji tu. Wengine wanaongeza maji ili izae, na krimu iliyotiwa maji kihifadhi chake kinapungua nguvu, vijidudu vinafurahi. Hata kopo likiwa zima, maandishi yake ni Kiingereza, na wengi wetu tulisoma Kifaransa. Mtu halisomi, anauliza. Na anayeulizwa ndiye anayeuza.

Kwa hiyo tunadai haya, na tunaanza na sisi wenyewe wenye viti na vitana.

Msusi, weka saa ukutani, au simu mezani, mteja aione. Msomee maandishi ya kopo kwa lugha yake: Kiswahili, Lusamia, Kirundi, yoyote. Ukiuza ya kupima, mwandikie kwenye karatasi jina la kitu na dakika zake. Tozea mikono yako, usitozee usingizi wa mteja. Mteja akisema inachoma, osha hapo hapo. Usimwambie avumilie, kuvumilia ametosha kuvumilia huko alikotoka.

Mteja, uliza swali moja tu: "Kopo limesema dakika ngapi?" Akikosa jibu, toka. Na kama nywele zako zinakatika pembeni kwenye paji, usikimbilie stimingi kabla hujalegeza misuko. Misuko inayovuta mpaka macho yanapanda inang'oa nywele kwenye mizizi, na hakuna kondishena inayozirudisha kwa kukaa nayo.

Asiyekubali aje kwenye maoni na sababu, sio na matusi. Anayekubali amtumie dada yake kabla ya Jumamosi, siku ya kusukwa. Mwambieni akipakwa aangalie saa, zikifika dakika thelathini adai maji.