Daftari la wiki: Mfiwa asiyetambulishwa

Nimemaliza kusoma *Otōto no Otto*, manga ya Gengoroh Tagame iliyotoka Japani kati ya 2014 na 2017. Mike, Mkanada, anabisha hodi kwa Yaichi, pacha wa Ryoji, mume wa Mike aliyefariki. Yaichi hajui ampokee vipi. Bintiye Kana amefurahi tu kupata jamaa mpya, na anauliza wazi yale ambayo wakubwa wanayakwepa. Kilichonitoa machozi ni Mike kuketi mezani mbele ya uso uleule wa marehemu, huku akitakiwa ale.

*

Hapa Nyakabuye, Rwanda, tunakaa ikiriyo, yaani matanga, na wafiwa hadi siku ya kuyaondoa. Nauliza: aliyempenda marehemu kama Mike alivyompenda Ryoji, sisi tungemkalisha wapi? Angekuja kama “rafiki wa marehemu”, ashike mikono ya wazazi, akae nyuma na vijana wa mtaa, kisha arudi kulia peke yake. Huo ni ukatili, hata kama hakuna aliyekusudia.

*

Chini yetu ni Bugarama na mashamba yake ya mpunga. Ng’ambo ya mto Ruhwa ni Burundi, ambako tangu 2009 mapenzi ya jinsia moja yana kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Mwaka huohuo pendekezo la kuyafanya kosa lilifika bungeni Kigali, likaachwa. Nashukuru. Ila sheria ikinyamaza, majirani bado wanasema.

*

Kenya nako walipiga marufuku *I Am Samuel*, filamu ya Peter Murimi, mwezi Septemba 2021. Ni filamu ya hali halisi kuhusu Samuel, mpenzi wake Alex, na baba mhubiri kijijini anayesubiri mwanawe aoe. Wazazi wengi wangejiona humo, na ndiyo sababu ningependa waitazame.

*

*Thomas no Shinzō*, manga ya Moto Hagio ya 1974, nayo inaanza na kifo cha mvulana aliyempenda mvulana mwenzake. Ni nzuri mno, lakini nimechoka kuwazika wapenzi wa namna hii. Ndiyo maana namshukuru Fumi Yoshinaga: tangu 2007, katika manga yake *Kinō Nani Tabeta?*, wanaume wawili wapenzi, mwanasheria na msusi, wanapikiana, wanabana matumizi, wanazeeka pamoja. Nataka hadithi kama hiyo kwa Kiswahili, yenye isombe, yaani kisamvu, na sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, na wapenzi wawili ambao mwandishi amewaacha hai.