Msiikate Sauti ya Nyanya

KANDO YA MTO
Na Hadija Komora

Majuzi nilikaa chini ya mwembe, si mbali na Minjila, upande wa Garsen, nikatazama vijana wakiigiza. Pazia halikuwepo, wala taa. Jukwaa lilikuwa mkeka mmoja. Kisa chenyewe cha nyumba moja: ndugu wawili na shamba la baba yao kando ya mto. Mdogo amempa mfugaji ruhusa ya kupitisha ng'ombe shambani wakanywe maji, akapokea pesa, kakake hakuambiwa. Mama yao alijua. Siku kaka anakuta mahindi yamelazwa chini, anarudi nyumbani akitweta.

Binti aliyeigiza mama alikuwa akipepeta mchele kwenye ungo. Kaka akamuuliza, "Mama, ulijua?" Akapepeta. Akaulizwa tena, akainama kutoa chuya. Mara ya tatu, nyanya mmoja katika watazamaji akashindwa kujizuia. Akainuka, akakaza leso kiunoni, akasema, "Mjibu mwanao! Mimi nilinyamaza vivyo hivyo, na wanangu mpaka leo hawasalimiani." Hakuna aliyecheka. Yule binti akauweka ungo chini, akalia machozi ya kweli.

Mchezo huo wanataka kuufanya filamu. Kijana aliyekuwa akirekodi kwa simu aliniambia, "Shangazi, pale kwa nyanya nitapakata, pameharibu." Nimelala na neno hilo siku kadhaa, na leo namjibu.

Mwaka 2010 ilitoka filamu ya Kikenya iitwayo Ndoto za Elibidi, ya waongozaji Kamau wa Ndung'u na Nick Reding. Ilianza kama mchezo wa jukwaani, wachezaji wakiwa watu wa mitaa ya mabanda ya Nairobi. Ni habari ya wazazi, binti zao wanne na wapenzi wao, na namna Ukimwi unavyoingia katika nyumba na kuwalazimisha watu kusema waliyokuwa wakiyaficha. Walipoipeleka kwenye kamera, watengenezaji hawakuwafukuza watazamaji wa mtaani. Hadithi inakwenda, kisha unaonyeshwa nyuso za watu wa mtaa wakiutazama mchezo huohuo, wakicheka, wakishtuka, wakijiona. Ukiitazama unaujua ugomvi wa ile familia, na unajua pia umewagusa wapi majirani. Kwangu mimi hapo ndipo filamu hiyo ilipopata uzito wake.

Sisemi kamera haina faida. Chini ya mwembe ng'ombe walikuwa wa kusimuliwa tu. Filamu inaweza kuwaonyesha wakishuka malka, njia ya mifugo ya kwenda mtoni, vumbi limetanda, na maji ya Mto Tana yakipita mekundu. Inaweza kumsogelea mama mpaka tukaona vidole vikitetemeka juu ya ungo. Lakini mchezo wa jukwaani una kitu ambacho kamera haikibebi yenyewe: mtu wa kuujibu. Ukikitupa hicho, umebaki na watu wanaogombana kwenye kioo, na mtazamaji atasema hayo ni ya kwao.

Na sisi wa huku hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba damu ikamwagika Kilelengwani, Desemba ikawa Kipao. Tuliandika juu ya mapigano ya Wapokomo na Waorma, mkulima na mfugaji, kana kwamba ni majeshi mawili. Lakini kabla ugomvi haujafika malka, ulipita kwanza majumbani: nani amekodisha njia, nani amejua akanyamaza, nani amemwambia mwanawe kwamba jirani si mtu wa kuaminiwa. Mikutano ya amani tumeifanya mingi, yenye mahema na viti vya plastiki, na watu wakasema maneno mazuri ya kusemwa mbele ya wageni. Sijawahi kusikia katika mkutano hata mmoja maneno kama aliyoyasema nyanya yule. Aliyasema kwa sababu aliyekuwa akiulizwa alikuwa mama wa kuigiza, na yeye akaona swali ni lake.

Mto huu umekwisha kutoa jambo la nyumbani likawa la nchi nzima. Mahadhi ya wimbo wetu wa taifa yalitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo akimbembeleza mtoto. Sioni kwa nini ungo na kimya cha mama wa Garsen visifike mbali.

Kwa hiyo, serikali ya kaunti na nyinyi wenye mifuko ya sanaa, wapeni vijana hawa kamera nzuri na mtu wa kuwafunza kuhariri. Filamu ikiisha, isianzie hotelini Nairobi. Tungikeni shuka jeupe Ngao, Tarasaa na Garsen, waketi Wapokomo, Waorma na Wawardei pamoja, na anayetaka kuinuka aseme, aachwe aseme.

Nawe mwanangu mwenye simu, usipakate pale kwa nyanya. Nenda kwake kwanza, ukae naye, umwombe ruhusa. Akikubali, mwache asimame katika filamu yako kama alivyosimama siku ile, leso yake kiunoni.