Si Qadari, Mlango Tumeufungua Wenyewe



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana wetu mnaosoma, kuna kauli mbili zimezoeleka hapa Arua na kule Koboko. Kompyuta ya nyumbani ikiingia virusi, ikapoteza kazi ya mtoto ya chuo na picha za nikahi, tunasema ni qadari. Na akitokea wa kutunasihi mapema, tunamjibu: "Sisi maskini, tuna nini cha kuibiwa?" Mimi nasema kauli zote mbili ni za kukwepa jukumu.

Tuanze na huo umaskini. Mwizi wa mtandaoni hatazami kama nyumba yako ni ya bati au ya nyasi. Programu yake inazunguka yenyewe ikitafuta kompyuta yoyote iliyo dhaifu. Tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilianza kufunga mafaili katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, vikidai dola 300 na zaidi kwa kila kompyuta. Na dawa ilikuwepo! Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Aliyeyaweka alisalimika. Muislamu anaiamini qadari, naam, lakini halali na mlango wazi kisha akaita uzembe wake tawakkul.

Sasa tujiulize: kwa nini kompyuta zetu nyingi hazipati marekebisho? Kwa sababu Windows tuliyowekewa dukani ni ya wizi, imevunjwa kufuli, na aliyeiweka amezima marekebisho ili isigundulike. Mara nyingi hata kinga huzimwa kwanza ndipo programu hiyo ikubali kuingia. Yaani unamfunga kamba mlinzi wako kwa mkono wako, kisha unamkaribisha usiyemjua!

Wapo wanaosema hii ni dharura, programu za halali ni ghali. Dharura gani, na halali ya bure ipo? Ubuntu haiuzwi. LibreOffice ya kuandikia haiuzwi. Windows 10 na 11 zina kinga yake ndani, Defender, bila malipo ya ziada. Na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta kuukuu isiyoweza kubeba Windows 11 ni bora iwekewe Ubuntu kuliko kuachwa bila ulinzi. Tena wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Kuwait Desemba 1988, waliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, haifai kuzivamia. Vipi tumfundishe mtoto Qur'an kwa kompyuta ya programu za wizi?

Mwingine atasema: "Mimi nyumbani sina intaneti." Virusi vya Conficker, vilivyojitokeza mwishoni mwa 2008, vilijua kusafiri kwa flashi. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba inapitisha wasafiri wa Congo na Sudan Kusini, na mifukoni mwao zimo flashi zilizokwisha kuchomekwa katika kila duka la kuchapa.

Na Julai 2018, ilipoanza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, wengi walikimbilia VPN za bure. Ili kuokoa shilingi 200, mtu akampitishia mawasiliano yake yote asiyemjua hata jina!

Kuhusu matapeli, hapo ndipo aibu yetu ilipo kubwa. Ujumbe wa ufadhili wa masomo, wa Hijja ya bei ya chini, wa pesa "zilizotumwa kwa makosa", nani anautia katika kundi la familia? Si mtoto. Ni sisi watu wazima, na tunaongeza "sambaza upate thawabu". Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi. Anayesambaza bila kuhakikisha anamfanyia tapeli kazi bure, na tena anamkopesha heshima yake, kwani watu huamini kwa sababu imetoka kwa Hajji fulani au mwalimu fulani.

Basi tufanye haya, inshaallah:

1. Ondoa programu za wizi, weka za halali, na uache marekebisho yaingie.
2. Pima kila flashi kabla ya kufungua faili lake.
3. Nakili kazi muhimu mahali pengine, na hapo pasibaki pamechomekwa kwenye kompyuta.
4. Usimpe mtu namba ya siri ya pesa za simu, wala ile namba ya WhatsApp inayokuja kwa ujumbe, hata akijiita ndugu.
5. Ukiombwa ada ili upewe zawadi au ufadhili, acha.

Kompyuta ni amana. Tusiivunje amana kisha tukaitwisha qadari lawama.